Waya Mweusi au Waya Nyeusi? Tahakiki ya Istilahi za Karatasi Moja ya Redio ya Gari

Utangulizi

Makala haya yanahusu karatasi moja ya maelekezo. Ni karatasi ndogo, iliyochapwa pande mbili, na msomaji anaweza kujiuliza kwa nini jarida linaloshughulikia istilahi za taifa litoe nafasi kwa kitu kidogo namna hiyo. Jibu letu ni kwamba vitabu vikubwa vya istilahi husomwa na watu wachache wenye nafasi ya kuuliza pale wasipoelewa. Karatasi kama hii husomwa na mtu aliyeinama chini ya dashibodi, kurunzi ameishika kwa meno, wala hana wa kumwuliza. Hapo ndipo istilahi inapopimwa, na hapo ndipo kosa la mfasiri linapogeuka kuwa hasara ya mtu mwingine.

Karatasi yenyewe hutolewa pamoja na redio ya gari ya bei nafuu. Kichwa chake ni "Redio Haitoi Sauti", nayo ina hatua kumi na moja za kufuatwa na mwenye gari ambaye redio yake inawaka lakini haisikiki. Tuliikuta Kigoma, tulipokwenda huko kukusanya maneno ya mafundi wa magari na wa boti. Dereva aliyetuchukua stesheni kutupeleka Ujiji alikuwa na redio ya aina hiyo. Namba za mawimbi zilionekana vizuri katika kioo chake, taa zake ziliwaka, lakini gari lilikuwa kimya. Tulipomwuliza, alitutolea karatasi hiyo iliyokunjwa mara nne, akasema kwamba redio ilikuwa ikikatakata sauti tu kabla hajaifuata karatasi. Baada ya kuifuata hatua kwa hatua, ilinyamaza kabisa.

Maneno hayo ya dereva ndiyo yaliyotufanya tuandike. Hatukusudii kumtaja mtengenezaji wala mwuzaji, kwa maana makosa tutakayoyaonyesha hayapatikani katika karatasi yake peke yake. Tunakusudia kuonyesha yametoka wapi na yanaweza kuepukwa vipi.

Mazuri ya karatasi

Kwanza hatuna budi kukiri mazuri yake. Karatasi imeandikwa kwa Kiswahili, nalo si jambo dogo. Bidhaa nyingi za umeme huingia nchini zikiwa na maelekezo ya lugha ambazo mnunuzi hazijui. Aliyeamua kumwandikia mwananchi wa Kigoma kwa lugha yake amefanya jambo la kushukuriwa.

Pili, hatua zimewekwa kwa mpango mwema. Zinaanzia kwenye mambo rahisi, kama vile kitufe na fyuzi, kisha zinaelekea kwenye mambo magumu, kama vile nyaya na spika. Huo ndio utaratibu wa fundi mwenye akili, ambaye hafungui kitu kabla hajahakikisha kwamba kimewashwa. Tatu, sentensi ni fupi, na kila hatua ina tendo moja tu. Mfasiri wa karatasi hii, yeyote awaye, si mtu asiyejua Kiswahili. Ni mtu anayekijua, lakini hakukijua chombo alichokuwa akikielezea, wala hakumwuliza anayekijua.

Neno moja, vyombo vitatu

Kosa la kwanza liko katika neno "kipaza sauti". Neno hili ni zuri, limeundwa kwa kanuni za lugha yetu, na kila mtu analifahamu. Tatizo ni kwamba kila mtu analifahamu kwa namna yake. Msemaji wa mkutanoni husogezewa kipaza sauti mdomoni, naye mwadhini sauti yake hutoka katika vipaza sauti vilivyofungwa juu ya mnara. Cha kwanza ni chombo cha kupokelea sauti, cha pili ni chombo cha kutolea sauti. Kati ya hivyo viwili kuna chombo cha tatu, kinachochukua umeme dhaifu na kuutia nguvu, nacho pia watu wengi hukiita kipaza sauti.

Katika mazungumzo ya kawaida hapana shida, kwa kuwa anayezungumza hunyosha kidole. Lakini karatasi haina kidole. Hatua ya tatu inasema kipaza sauti kisifunikwe. Hapo makusudio ni kile kitundu kidogo kilicho usoni mwa redio, kinachopokea sauti ya dereva anapozungumza kwa simu. Hatua ya sita inasema kipaza sauti kizimwe kabla ya kuchomoa waya wowote, na makusudio ni chombo cha kukuza sauti ambacho baadhi ya magari hukifunga chini ya kiti au nyuma. Hatua ya nane inasema kipaza sauti kipimwe kwa betri kavu ya volti 1.5, na makusudio ni spika.

Jaribio hilo la hatua ya nane ni zuri, nasi tutalirudia hapo chini. Lakini ni zuri kwa spika tu. Anayeugusisha umeme wa betri kwenye kile chombo chepesi cha kupokelea sauti anaweza kukiharibu, naye atakuwa amefuata karatasi neno kwa neno. Eugen Wüster, mhandisi wa Austria ambaye kitabu chake cha mwaka 1931 kilifungua elimu ya istilahi ya karne ya 20, alisisitiza kwamba katika uwanja mmoja wa kazi dhana moja iwe na istilahi moja, na istilahi moja isimamie dhana moja. Watu wengine huiona kanuni hiyo kuwa ya vitabuni tu. Ndani ya gari lile la Kigoma haikuwa ya vitabuni.

Maneno yaliyovushwa kwa umbo

Kosa la pili ni la aina ambayo walimu wa tafsiri huifahamu sana: mfasiri ametazama umbo la neno la kigeni akaacha kazi yake. Katika lugha ya asili ya karatasi hii neno moja huweza kuwa na maana ya kawaida pamoja na maana ya kifundi, na mara nyingi mfasiri amechagua maana ya kawaida.

Hivyo tunaambiwa tutazame kama fyuzi "imepulizwa". Fyuzi haipulizwi. Kinachopulizwa ni moto wa jikoni au filimbi. Fyuzi huungua, maana ndani yake mna uzi mwembamba wa madini unaoyeyuka umeme unapozidi kiasi, na Mswahili yeyote aliyewahi kubadilisha fyuzi husema imeungua au imekatika. Tunaambiwa tuongeze "ujazo" wa redio, kana kwamba redio ni pipa la maji, hali kinachotakiwa ni kiwango cha sauti. Tunaambiwa kwamba ikiwa hakuna "pato" tuendelee na hatua inayofuata, na msomaji wa kawaida hujua pato la mkulima au pato la taifa. Tunaambiwa tuhakikishe redio haiko katika hali ya "bubu". Bubu ni binadamu aliyenyimwa uwezo wa kusema, naye hana kitufe cha kumrudishia. Redio imenyamazishwa tu. Kitenzi "nyamazisha" kimekuwamo katika lugha yetu siku zote, na kina faida kwamba kinabeba ndani yake dokezo la dawa: kilichonyamazishwa kinaweza kuachiwa kiseme.

Mfano wa mwisho wa kundi hili ni "waya wa mbali". Dereva wetu aliutafuta waya huo hadi nyuma ya gari, akiamini kwamba ni waya uliofungwa mbali. Kumbe ni waya wa buluu wenye mstari mweupe ulioko palepale nyuma ya redio. Kazi yake ni kukipelekea chombo cha kukuza sauti ishara ya kuwaka wakati redio inapowashwa. Kama waya huo haukuunganishwa, redio itawaka na chombo cha kukuza sauti kitabaki kimelala, nalo gari halitatoa sauti. Mfasiri angeuliza waya huo unafanya nini, jina lingejitokeza lenyewe: waya wa kuwashia kikuza sauti. Jina hilo ni refu, lakini mtu hapotei kwalo.

Waya mweusi na waya nyeusi

Makosa tuliyoyataja hadi hapa humpotezea mtu muda. Sasa tunafika kwenye hatua ya saba, iliyompotezea dereva redio. Hatua hiyo inasomeka hivi: "Unganisha waya nyeusi na ardhi."

Maneno matano tu, na ndani yake mna mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni wa ngeli. Katika Kiswahili sanifu nomino "waya" huwekwa katika ngeli ya U-/ZI-: waya mweusi huu, nyaya nyeusi hizi. Katika mazungumzo ya kila siku watu wengi huiweka katika ngeli ya I-/ZI-: waya nyeusi hii, waya nyeusi hizi. Katika matumizi haya ya pili kivumishi hakibadiliki, na aliyeandika "waya nyeusi" anaweza kuwa anasema juu ya waya mmoja au juu ya nyaya nyingi. Mfasiri alikuwa na waya mmoja akilini. Dereva akasoma nyingi.

Naye hakusoma hivyo kwa uzembe. Nyuma ya redio kama hii, kwa desturi ya watengenezaji walio wengi, kuna waya wa njano unaopata umeme wa betri wakati wote, waya mwekundu unaopata umeme ufunguo unapofunguliwa, na waya mweusi mtupu unaourudisha umeme kwenye upande hasi wa betri. Tena kuna jozi nne za nyaya za spika: nyeupe, kijivu, kijani na zambarau. Kila jozi ina waya mmoja wa rangi tupu na mwenzake wa rangi hiyohiyo wenye mstari mweusi. Aliyeambiwa aunganishe "waya nyeusi" alitazama, akaona mmoja mweusi na minne yenye weusi, akaisokota yote mitano pamoja, akaifunga kwa bolti kwenye chuma cha gari. Alifanya kama alivyosoma.

Mtego wa pili ni neno "ardhi", likisaidiwa na neno "hasi" ambalo karatasi inalitumia katika hatua ya tano kwa waya wa betri na kwa waya wa spika bila kutofautisha. Katika redio nyingi za zamani upande mmoja wa spika ulikuwa umeunganishwa na bodi ya gari, na kuugusisha hapo hakukuwa na madhara. Katika redio nyingi za sasa sivyo. Nyaya zote mbili za spika hutoka ndani ya kikuza sauti zikiwa na umeme, na kila mmoja, ukiupima na bodi, huwa na kadiri ya nusu ya volti 12 za betri. Ukiufunga wowote kati yake kwenye bodi, umefanya shoti. Redio iliyojengwa vizuri hujilinda kwa kunyamaza. Isiyojengwa vizuri huungua.

Kwa hiyo ikiwa tutaulizwa kama upatanisho wa kisarufi una umuhimu wowote kwa mtu wa kazi, tutamjibu muulizaji kwamba tumeona redio iliyoharibika kwa sababu ya kiambishi kimoja. Mfasiri angeandika "waya mweusi", dereva angefunga waya mmoja.

Namna fundi alivyoitafuta hitilafu

Dereva alitupeleka kwa fundi mmoja mtu mzima huko Mwanga, naye alituruhusu kusimama karibu na kuandika. Tunaeleza alivyofanya kwa sababu mfuatano wa kazi yake unaonyesha istilahi zipi zinahitajika kweli na zipi ni mapambo.

Alianza kwa kutazama tu. "Taa inawaka, basi moto unafika. Fyuzi siigusi," alisema. Kwa "moto" alimaanisha umeme, kama wasemavyo mafundi wote. Akapandisha kiwango cha sauti, akabonyeza kitufe cha kunyamazisha na kukiachia, kisha akakagua mgawanyo wa sauti, maana redio iliyoelekezwa upande mmoja tu hunyamaza kwa mwenye spika mbovu upande huo. Alibadilisha chanzo, kutoka mawimbi ya redio kwenda kwenye flashi. Kimya.

Ndipo akaitoa redio mahali pake, akaichomoa nyaya zote. Alichukua betri ndogo ya kurunzi, akaigusisha kidogo tu kwenye nyaya mbili za spika ya kwanza. Spika ikalia "tik". Akafanya hivyo kwa zote nne, na zote nne zikalia. "Spika nzima," alisema, "basi ugonjwa uko juu yake." Akachukua testa, akaweka ncha moja kwenye waya wa spika na nyingine kwenye bodi. Sindano ilipaswa kutulia, kwa kuwa pasiwepo njia yoyote kati ya spika na bodi, lakini iliruka. Alipofuatilia akalikuta lile fundo la nyaya tano chini ya bolti.

"Nani amekufungia hivi, kijana wangu?"

"Karatasi, mzee."

Fundi alizitenganisha, akaupeleka ule mweusi mtupu peke yake kwenye bolti, na kila waya wenye mstari akaurudisha kwenye spika yake. Spika mbili za nyuma zikasema. Za mbele zikabaki kimya. Akaihamishia spika moja ya nyuma kwenye nyaya za mbele, nayo ikanyamaza hapohapo. Hivyo ilidhihirika kwamba spika hazikuwa na kosa, bali sehemu ya mbele ya kikuza sauti kilichomo ndani ya redio ilikuwa imeungua. Ule ukatikaji wa mwanzo uliomfanya dereva aifungue karatasi ulikuwa umetokana na kiunganishi kilicholegea, kitu cha kusukumwa kwa kidole gumba.

Mafundi nao wahakikiwe

Baada ya hayo msomaji anaweza kudhani kwamba tunataka kusema: acheni vitabu, chukueni maneno ya mafundi kama yalivyo. Hatusemi hivyo. Mafundi wa Kigoma wana urithi mkubwa. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1914. Meli ambayo leo inaitwa Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ililetwa vipandevipande, ikaungwa upya na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa mwaka 1916 na watu wake wenyewe, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ufundi mwingi kiasi hicho ulipita katika mikono ya watu wa ufuko huu kabla hata ya kuwapo Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, sembuse Baraza la Kiswahili la Taifa lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967. Watu walihitaji maneno, wakayapata.

Hata hivyo neno la karakana lina mipaka yake. Fundi wetu hakutumia "ardhi" hata mara moja. Alisema "bodi", kwa sababu katika gari umeme hurudi kwenye betri kwa kupitia bodi ya chuma. Ni neno sahihi, linaloonekana kwa macho. Lakini siku mbili baadaye tulikuwa Kibirizi, mahali zinapoegesha boti za abiria na za mizigo, tukamkuta mwenye boti moja aliyenunua redio ya aina ileile ili kuwaburudisha abiria wake. Boti yake ni ya mbao. Fundi wa magari alikuwa amemwambia waya mweusi uende kwenye bodi, naye akaupigilia msumari ubavuni mwa boti. Redio haikuwaka. Akarudi kwenye karatasi, akasoma "ardhi", akaona kwamba kwa kuwa hayuko nchi kavu basi maji yatatosha, akaushusha waya ziwani. Bado haikuwaka. Ubao haupitishi umeme, na ziwa lote la Tanganyika halikuwa na njia ya kuurudisha umeme huo kwenye betri iliyokuwa hatua mbili kutoka pale alipokaa.

Hapa maneno yote mawili yameshindwa, na kwa sababu moja. Yote mawili yanataja mahali waya unapofungwa, wala hayataji kazi yake. Kazi yake ni kuurudisha umeme kwenye upande hasi wa betri. Katika gari njia ya kurudia ni bodi. Katika boti ya mbao ni waya wenyewe hadi kwenye betri. Istilahi ikijengwa juu ya kazi, itafaa nchi kavu na majini.

Vilevile fundi wetu alitumia neno "imekufa" kwa fyuzi iliyoungua, kwa betri iliyoisha, kwa spika iliyochanika na kwa redio iliyojilinda. Yeye mwenyewe hachanganyikiwi, kwa kuwa amekwisha kuona. Lakini mwanafunzi wake anayeandika daftari, au mteja anayepiga simu kutoka Kasulu, hataweza kujua kama kilichokufa kinafufuka au kinanunuliwa upya.

Mapendekezo

Kwa kuwa tahakiki isiyo na pendekezo ni nusu ya kazi, tunatoa mapendekezo yafuatayo ili wasomaji wayapime.

Chombo cha kutolea sauti kiitwe spika. Tunajua kwamba baadhi ya wenzetu hawalipendi neno hili kwa kuwa tunaye Spika wa Bunge. Lakini sarufi yetu imekwisha kuwatenganisha. Spika wa Bunge huongea katika ngeli ya A-/WA-, ile ya gari katika ngeli ya I-/ZI-. Ukisema "spika amenyamaza" na "spika imenyamaza", hakuna Mswahili atakayekwenda bungeni na testa. Chombo cha kupokelea sauti kiitwe maikrofoni. Chombo cha kutia sauti nguvu kiitwe kikuza sauti. Nalo "kipaza sauti" liachiwe matumizi ya kawaida ya watu, mkutanoni na msikitini, wala lisitumiwe katika maelekezo ya ufundi.

Fyuzi iungue au ikatike. Redio inyamazishwe na iachiwe. Kiwango cha sauti kipandishwe na kishushwe. Neno "shoti" lidumu, kwa maana ni fupi na halina mshindani. "Hasi" lisisimame peke yake: liwe "hasi ya betri" au "hasi ya spika", na maelekezo yaseme wazi kwamba mbili hizo zisigusane.

Kuhusu waya uliosababisha yote haya, tunapendekeza uitwe waya rejeshi, yaani waya unaorejesha umeme kwenye hasi ya betri. Walimu watatukumbusha kwamba katika sarufi wanayo "o-rejeshi". Ni kweli, lakini nyanja ni mbili tofauti, na hatuoni mahali ambapo kiambishi na waya vitakutana katika sentensi moja.

Hatua ya saba basi ingeandikwa hivi: "Funga waya rejeshi, yaani ule waya mmoja mweusi usio na mstari, kwenye bodi ya chuma ya gari. Katika boti ya mbao upeleke moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Nyaya zenye mstari mweusi ni za spika: zisiguse bodi kamwe." Ni sentensi tatu badala ya moja. Mchapaji atalalamika juu ya nafasi. Lakini nafasi hiyo ni rahisi kuliko redio.

Hitimisho

Mtu anaweza kusema kwamba redio ya gari ni kitu cha anasa, na kwamba aliyeikosa hakufa. Sisi tunaona vingine. Katika ufuko huohuo wavuvi wengi wa dagaa, ambao zamani walivua usiku kwa karabai, sasa hutumia taa za betri. Kila mahali panapowekwa mtambo wa nishati ya jua pana waya mwekundu na waya mweusi, pana fyuzi, na pana karatasi. Mfasiri aliyeandika "waya nyeusi" na "ardhi" kwa redio ataandika vivyo hivyo kwa taa ya chumba cha wazazi, na huko kimya na giza vina maana nyingine.

Hatuna upungufu wa vitabu. Rajmund Ohly alitoa kamusi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1987, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kinachopungua ni desturi ya kumpelekea mtu wa kazi karatasi kabla haijachapwa, kumpa chombo mkononi, na kukaa kimya tukimtazama anavyoifuata. Jaribio hilo lingechukua asubuhi moja, na kosa la hatua ya saba lingeonekana kabla ya saa sita mchana.

Tunawaomba wafasiri, walimu wa vyuo vya ufundi na maofisa wanaopitisha maelekezo ya bidhaa watuandikie maoni yao juu ya istilahi tulizozipendekeza, hasa wale walio katika maeneo ya maziwa na pwani, ambako vyombo vya barabarani hufungwa katika vyombo vya majini. Tungependa zaidi kusikia kutoka kwa yule atakayetuonyesha mahali ambapo "waya rejeshi" nalo linashindwa.